Samaki Hulishwa kwa Mizani, si kwa Huruma

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia vya Landless, Thika)

Leo tumekuja kuongea juu ya tumbo la samaki: kambare ale nini, na ale kiasi gani. Labda mtu atauliza, hilo nalo ni jambo la kuitiwa mkutano? Ndiyo, ni jambo. Lilikaribia kuvunja kikundi kimoja cha hapa hapa kwetu, na sisi wa ofisi ya maendeleo tulikuwa ndani ya kosa hilo.

Kikundi chenyewe hatutakitaja. Mnajua jinsi vipande vyetu vya ardhi vilivyo: nyumba, choo, na mistari michache ya sukuma wiki. Basi wanachama wakachimba shimo la mita 4 kwa 3, wakatandika turubai, wakajaza maji. Pesa za zamu za miezi kadhaa zikanunua vifaranga 300 vya kambare, kila kimoja urefu wa kidole.

Kati yao alikuwapo kijana aliyewahi kufanya kazi katika nyumba moja huko Nairobi. Huko aliona samaki wa pambo kwenye sanduku la kioo, na mmoja wao alikuwa kambare mdogo wa kigeni, aliyejibandika kwenye kioo kwa mdomo akilamba ule ukijani mchana kutwa. Kijana akatuambia, "Kambare haombi chakula, anajilisha mwenyewe." Maji yetu nayo yalikuwa yamegeuka kijani. Tukafurahi. Tukasema, hapa Mungu ametupa ng'ombe asiyetaka majani. Sisi wenye vyeti tukaitikia kwa kichwa.

Baada ya wiki tano tukavuta neti. Tulihesabu samaki 140. Wachache walikuwa wanene kama mkono wa mtoto, na waliobaki walikuwa kichwa na mifupa. Wengine walikwenda wapi? Walikuwa ndani ya matumbo ya wale wanene. Mama mmoja alikaa chini akauliza, "Na ada ya mtoto wangu?" Hatukuwa na jibu.

Haya, kosa lilikuwa wapi?

Yule kambare wa kwenye kioo asili yake ni Amerika Kusini. Mdomo wake umeumbwa kunyonya na kukwangua. Lakini hata yeye hashibi kioo. Ukijani ukiisha asipoongezewa vipande vya tango, majani ya mboga na chakula cha tembe, atakonda na kufa. Kambare wetu wa mito na vinamasi ni mnyama mwingine kabisa. Ana mdomo mpana na sharubu za kupapasia gizani. Hula wadudu, minyoo, konokono, vyura, mbegu, na samaki wadogo, hata wa damu yake. Ukijani wa maji unamfaa zaidi ngege, yaani tilapia. Kambare ukimwachia ukijani peke yake, atamla ndugu yake.

Basi tukajirekebisha, tukaanguka upande wa pili. Kwa huruma, kila mwanachama aliyepita alitupa kitu: kipande cha ugali, mabaki ya githeri, konzi mbili za pumba. Juma la pili maji yakanuka. Jumapili asubuhi tukakuta samaki 31 wanaelea. Chakula kisicholiwa huzama, huoza, na kugeuka sumu majini. Watu hudanganyika kwa sababu kambare anaweza kuvuta hewa ya juu kama sisi, hivyo huvumilia maji mabaya kuliko ngege. Lakini kuvumilia si kunenepa.

Njaa ilituibia, na shibe ikatuibia. Ndipo tukatafuta mizani.

Ale kiasi gani?

Chakula cha samaki hufuata uzito wake. Shikeni hesabu hii rahisi:

- Wakiwa wadogo, kila kilo ya samaki ipate gramu 50 za chakula kwa siku.
- Wakiwa wa katikati, kama gramu 100 hadi 300 kila mmoja, kila kilo ipate gramu 30.
- Wakikaribia kuuzwa, kila kilo ipate gramu 20.

Utajuaje uzito wao? Kila baada ya wiki mbili vueni samaki 20, wakubwa kwa wadogo, msichague. Pimeni ndoo yenye maji kidogo, watieni samaki, pimeni tena, mtoe uzito wa kwanza. Tuseme 20 wana kilo 3. Kila mmoja basi ni gramu 150. Kama mna samaki 100, jumla ni kilo 15. Kilo 15 mara gramu 30 ni gramu 450 kwa siku. Wapeni gramu 200 asubuhi jua likishapasha maji, na gramu 250 jioni, maana kambare hupenda kula giza likiingia. Pimeni mara moja kwenye kopo, mlitie kopo alama ya msumari. Baada ya hapo hata mtoto ataweza kulisha.

Mizani isiwafumbe macho, lakini. Mwageni mahali pamoja, kidogo kidogo, mtazame. Baada ya robo saa kikibaki, mlo ufuatao punguzeni. Baridi ya Juni hadi Agosti ikituingia hapa Thika, samaki hupoa na hamu ya kula hushuka, msiwalazimishe. Siku moja kabla ya kupima au kuuza, wasile. Na maji yakinuka, acheni kulisha, mbadilishe kama theluthi ya maji. Ya mfereji yakae kwanza siku mbili kwenye chombo wazi, dawa itoke.

Ale nini?

Kambare anataka chakula cha kujenga mwili. Ugali na pumba peke yake vitampa tumbo, si nyama. Kwa kilo 10 za mchanganyiko, sisi tunatumia omena kilo 3, mashudu ya alizeti kilo 3, na pumba ya ngano kilo 4. Omena wawe wakavu na safi, wasio na mchanga. Sageni pamoja, kandeni kwa uji mwepesi wa mahindi ili vishikane, pitisheni kwenye mashine ya kusagia nyama, kisha mwanike hadi vikauke kabisa. Wekeni juu ya mbao, mbali na ukuta na panya. Kikiota ukungu msiseme "ni samaki tu, hajui." Kitupeni. Ukungu una sumu.

Mchwa, kumbikumbi na minyoo ni nyongeza nzuri isiyo na gharama. Matumbo na damu kutoka kichinjioni vichemsheni kwanza. Kuku aliyekufa kwa ugonjwa asiingie kidimbwini kamwe.

Kitu kingine: wale wanene watengwe. Samaki wakiwa wadogo, kila baada ya wiki mbili pangeni wakubwa kwao na wadogo kwao, hata kama ni kwa kuzuia pembe moja ya kidimbwi kwa neti. Chakula kizuri hakimzuii mkubwa kumeza mdogo akimkuta mbele yake.

Pesa inasemaje?

Kwa chakula cha kujitengenezea, hesabuni kama kilo 2 za chakula kupata kilo 1 ya samaki. Kwa hiyo, kabla ya kununua kifaranga hata kimoja, chukueni gharama ya kilo moja ya mchanganyiko, mzidishe kwa mbili, mlinganishe na bei ya kilo ya kambare sokoni Thika. Zikilingana, mtakuwa mmefanya kazi bure. Wengi hawakuifanya hesabu hii. Mwaka 2009 Serikali ilianzisha mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya uchaguzi, kila bwawa mita za mraba 300. Mengi yaliachwa baadaye yakaota nyasi, na bei ya chakula ilikuwa mojawapo ya sababu. Kuchimba hufanywa mara moja. Kulisha ni kila siku. Tena si mbali kupata ushauri: kituo cha samaki cha Sagana kimekuwapo tangu 1948.

Kikundi chetu kilibaki na samaki 109. Wakachagua mlishaji wa zamu, mmoja kila wiki, na daftari lenye safu nne: tarehe, gramu, waliokufa, na maoni. Mwingine yeyote akija na ugali wake huambiwa kwa upole aule mwenyewe. Samaki wale waliuzwa. Faida haikuwapo, lakini vifaranga vya awamu ya pili vilinunuliwa kwa pesa za samaki, si kwa mfuko wa mtu. Na yule kijana hakufukuzwa. Ndiye mtunza daftari. Kosa lilikuwa letu sote tulioitikia bila kuuliza.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika mradi wetu, ni jambo gani tulilolikubali kwa kusikia tu, bila kulipima?
2. Nani ana jukumu la kulisha, na asipokuwapo nani humshikia?
3. Gharama ya kilo 2 za chakula chetu ni shilingi ngapi leo, na kilo ya samaki tutaiuza ngapi?

Jibuni la tatu kwa kalamu na karatasi, si kwa mdomo.