Ndege ya Bure na Gharama Zake
(Hotuba iliyosomwa kwenye mkutano wa mwaka wa Wanafunzi wa Zamani)



Nimeombwa niseme machache juu ya jambo lililo mbele ya mkutano, yaani zawadi ya ndege ya viti vinne ambayo mwenzetu mmoja anataka kuipa jumuiya yetu ili ibebe wagonjwa wa mwambao wa Ziwa Nyasa. Mwenye ndege yumo ukumbini na ameniruhusu niseme yote. Nami nina deni la kulipa. Alipoinunua, mimi ndiye niliyemkokotolea hesabu. Ni mtumishi wa serikali, nimesoma Chuo Kikuu, na nimeandika makadirio ya fedha kwa miaka karibu ishirini. Hata hivyo hesabu ile niliikosea.

Niliandika bei ya ndege, mafuta, malipo ya rubani na bima. Kwenye mafuta sikukosea sana: Cessna 172 hunywa lita 35 hivi kwa saa, ingawa nilisahau kwamba petroli yake si mafuta ya ndege kubwa, wala haipatikani kila uwanja. Kwenye matengenezo nilifanya kama tunavyofanya kwa gari. Niliweka fungu dogo kando, nikasema litatosha. Hapo ndipo nilipoteleza.

Gari likiharibika pale Kitai, unashuka, fundi anafunga waya, mnafika Mbinga. Ndege haifungwi waya. Oili hubadilishwa kila baada ya saa 50 za kuruka. Ikifanya kazi nyingi, hukaguliwa kila saa 100. Tena kila mwaka, iruke isiruke, hufunguliwa na kukaguliwa na fundi mwenye leseni. Bila karatasi zake kuwa sawa, Mamlaka ya Usafiri wa Anga hairuhusu iruke.

Mwenzetu alidhani ataipeleka asubuhi na kuichukua jioni. Ukaguzi wa kwanza ulichukua wiki tano. Bei ya ukaguzi wenyewe aliijua. Asichokijua ni bei ya yale yatakayoonekana. Silinda moja ilikuwa na ufa, mipira ya mafuta imekauka, na kutu imeanza chini ya bawa. Vipuri viliagizwa Marekani kwa dola. Na bolti ya ndege huinunui kwa muuza vyuma sokoni. Lazima ije na karatasi ya kuthibitisha ilikotoka.

Fundi naye hakuwa Songea. Kutoka Songea hadi Dar es Salaam ndege hiyo huchukua saa tatu hivi. Kwa hiyo, kwenda na kurudi tu, mwenzetu aliteketeza lita zaidi ya 200 hata kabla ya kulipia spana ya kwanza.

Jambo la tatu ndilo lililoniuma zaidi. Mwaka mmoja bei ya kahawa ilipomwangusha, nilimshauri aiweke ndege chini ili aokoe fedha. Ilikaa miezi minane. Kumbe injini isiyowashwa huugua kuliko inayofanya kazi: oili hushuka, unyevu hubaki juu, na kutu hula vyuma vya ndani. Lycoming, watengenezaji wa injini ile, hushauri ifumuliwe na kusukwa upya ifikapo saa 2,000 au miaka 12, lolote litakalotangulia. Sisi tulitazama saa, zilikuwa chache, tukafurahi. Miaka hatukuitazama. Sasa inakaribia kutimia, na kazi hiyo itagharimu karibu nusu ya bei aliyonunulia ndege nzima.

Ndugu zangu, mzigo huo ndio tunaotaka kuupokea kwa makofi.

Sisi watu wa ziwa hatupaswi kushangaa. Mwezi Agosti 1914 meli ya Kijerumani, Hermann von Wissmann, ilishambuliwa pale Liuli na meli ya Kiingereza iitwayo Gwendolen. Haikuweza kujitetea wala kukimbia, kwa sababu ilikuwa imepandishwa nchi kavu inatengenezwa. Mwenye chombo kimoja, siku kikiwa kwa fundi, hana chombo. Je, katika zile wiki tano, mama mwenye uchungu tutamwambia asubiri silinda kutoka Marekani?

Sisemi kwamba ndege haifai kubeba wagonjwa. Madaktari Warukao walioanzia Nairobi mwaka 1957 wamethibitisha kwamba inafaa. Lakini wao hurusha ndege kadhaa, wana mafundi wao, na gharama za mwaka huzigawa kwa safari nyingi. Ukaguzi uleule ukiugawa kwa saa 400 ni mzigo wa kubebeka. Ukiugawa kwa saa 40 unavunja mgongo.

Wazee wa Kimatengo walilijua jambo hili bila kwenda Chuo Kikuu. Mlima hauwi shamba kwa kuumiliki. Huwa shamba kwa ngoro, na ngoro hazichimbwi mara moja tu. Zikiachwa, mvua hushusha udongo wote bondeni.

Kwa hiyo natoa mapendekezo mawili. Kwanza, tumshukuru mwenzetu kwa moyo wake, lakini ndege aiuze mapema kwa wenye karakana na kazi ya kuitumia, kabla miaka haijatimia. Pili, kile atakachopenda kukitoa kiwe mfuko wa matengenezo ya gari la wagonjwa: matairi, oili, breki na mshahara wa fundi. Barabara ya lami sasa inatoka Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa 66. Gari lililo zima hufika. Gari lililo juu ya mawe halimsaidii mtu, hata kama ubavuni limeandikwa jina la jumuiya yetu.

Na tangu leo, kila tutakapopewa kitu tuulize: kitatengenezwa na nani, wapi, na kwa fedha za nani mwaka wa nne?

Ndugu yangu mwenye ndege, hesabu ya kwanza nilikukosea, na umeilipia wewe. Hii ni ya pili. Naomba uipokee badala ya ile.