Mtoto Mwenye Usonji Si Mkaidi

Wana vikundi, leo tuongee juu ya mtoto mwenye usonji akiwa darasani.

Mtoto huyu anaweza kuziba masikio kengele ikilia, asiitike akiitwa, ama alie kwa sababu amehamishwa kiti. Asiyejua atasema ni mkaidi, achukue kiboko. Kiboko hakimfundishi. Kinamwongezea hofu tu, na kesho atakataa hata kuingia geti. Tena sheria ya Kenya ilikataza kuchapa watoto shuleni tangu 2001.

Mwalimu aliyesomea elimu maalum hufanya namna nyingine. Hupanga kila siku ifuate utaratibu ule ule. Hubandika picha ukutani: kunawa, kula, kucheza, kwenda nyumbani, ili mtoto ajue kinachofuata. Husema maneno machache. Kazi kama kuvaa viatu huigawa hatua ndogo ndogo, na mtoto akiweza hatua moja, humsifu papo hapo.

Lakini mtoto akifika nyumbani afungiwe chumbani wageni wasimwone, kazi ya mwalimu inabomoka.

Sasa zamu yetu. Mzazi mwenye mtoto kama huyu ampeleke EARC, kituo cha Wizara ya Elimu cha kupima watoto. Akipata nafasi shuleni, wanachama wawili wamsindikize mzazi, waombe kukaa darasani asubuhi moja. Mwulizeni mwalimu: "Mtoto akilia, unafanyaje?" Kisha mfanye hivyo hivyo nyumbani.