Chaneli za Rimoti ya Helikopta: Hakikisha Kabla ya Kurusha



Helikopta ya rimoti hupendeza ikiruka, lakini mapanga yake yanaweza kujeruhi vibaya.

Kila amri ya rimoti ina chaneli yake. Kwa Futaba, chaneli ya 1 huinamisha helikopta kushoto na kulia, ya 2 mbele na nyuma, ya 3 huendesha mota, ya 4 hugeuza mkia, ya 5 hurekebisha jairo inayotuliza mkia, na ya 6 hubadilisha mwinamo wa mapanga ili ipande au ishuke. Spektrum hupanga tofauti: mota iko chaneli ya 1. Anayechomeka waya kwa mazoea ya rimoti nyingine huenda akagusa mota akidhani anainamisha helikopta.

Kwa hivyo, soma kitabu cha maelezo. Chomoa nyaya za mota, toa mapanga, kisha jaribu chaneli moja moja. Washa rimoti kwanza, helikopta baadaye. Wakati wa kuzima, anza na helikopta.

Anga yetu husimamiwa na KCAA. Fuata kanuni zake, na usirushe karibu na uwanja wa ndege wala juu ya watu.