Gari la Klachi Mbili na Mkopo wa Mwanachama

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wajumbe wa Kamati za Mikopo wa vyama wanachama)



Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, mwanachama wa siku nyingi katika chama cha kuweka na kukopa, alipewa mkopo wa miezi 36 ili anunue gari dogo lililokwisha kutumika ng'ambo. Maombi yake hayakuwa na dosari. Akiba yake ilitosha, hati ya mshahara iliambatishwa, wadhamini wawili walitia sahihi, na Kamati ya Mikopo ikayapitisha kwa kauli moja. Gari likafika bandarini, likalipiwa ushuru, likaandikishwa. Kwa miezi sita hapakuwa na neno. Mwezi wa saba gari likaanza kutetemeka kila lilipoondoka mahali liliposimama. Fundi wa mtaani akashauri mafuta ya gia yabadilishwe, naye akatia mafuta ya otomatiki yaliyokuwapo dukani siku ile. Mwezi wa tisa taa ya hadhari ikawaka, gari likakataa gia ya 2, ya 4, ya 6 na ya kurudi nyuma, likabaki uani.

Marejesho hayakubaki uani. Mwalimu alipokuwa akitafuta fedha za matengenezo alishindwa kulipa mkopo, na chama, kwa mujibu wa masharti yake, kikawageukia wadhamini. Mmoja wa wadhamini hao alikuwa mpishi wa shule ile ile, ambaye hajawahi kuwa na gari maishani mwake.

Jambo hili halikutokea kwa sababu ya uzembe wa mtu mmoja. Mwalimu aliambiwa kwamba gari ni otomatiki, naye akaridhika. Kamati iliambiwa hivyo hivyo, nayo ikaridhika. Mkono wa gia ulikuwa na herufi zile zile za P, R, N na D ambazo kila dereva amezizoea. Ila ndani ya giaboksi mlikuwa na mtambo wa namna nyingine kabisa, na hapo ndipo yafaa mazungumzo haya yaanzie.

Magari yanayoitwa otomatiki hayako namna moja. Namna ya zamani, ambayo ndiyo iliyo katika Toyota nyingi zinazopita katika barabara zetu, ina chombo cha mviringo kilichojaa mafuta kati ya injini na gia. Injini huyazungusha mafuta, nayo mafuta huzisukuma gia. Hapo hapana klachi ya kusagana wakati gari linapoondoka, na kwa hiyo dereva anaweza kutambaa katika foleni mchana kutwa bila kuunguza kitu. Namna ya pili hutumia puli mbili na mkanda wa chuma, haina hatua za gia. Namna ya tatu ni hii ya klachi mbili. Hii, kwa kweli, ni giaboksi ya kawaida ya kubadilisha kwa mkono, isipokuwa mguu na mkono wa dereva vimeondolewa na mahali pake pakawekwa kompyuta na mitambo inayosukumwa kwa mafuta au umeme.

Giaboksi yenyewe imegawanywa nusu mbili. Gia za namba witiri, yaani 1, 3, 5 na, katika baadhi ya magari, 7, zimo katika shafti moja yenye klachi yake. Gia za namba shufwa, yaani 2, 4 na 6, zimo katika shafti ya pili yenye klachi yake. Mara nyingi shafti moja ni tupu ndani kama bomba, na ile nyingine hupita katikati yake. Gari linapokwenda katika gia ya 3, kompyuta huwa imekwisha kuiandaa gia ya 4 upande wa pili. Wakati wa kubadilisha ukifika, klachi moja huachia huku ya pili ikishika, na injini haipotezi nguvu katikati. Abiria hasikii mshtuko, na petroli hutumika kidogo kuliko katika otomatiki nyingi za zamani. Sifa hizo ni za kweli, wala hapana haja ya kuzikanusha kwa kuwa tu mwalimu yule alipata hasara.

Sasa yaeleweka kwa nini gari la mwalimu lilipoteza gia ya 2, 4, 6 na ya kurudi nyuma kwa mpigo. Katika giaboksi ya aina ile, gia hizo nne zote hutegemea klachi moja. Upande wa pili ulikuwa mzima. Fundi asiyeijua habari hii aliona gari lililokufa, akataka kuing'oa giaboksi yote.

Wazo hili si la juzi. Aliyelibuni mwaka 1939 ni Mfaransa Adolphe Kégresse, mhandisi aliyepata kuhudumu katika karakana ya magari ya mfalme wa Urusi kabla ya mapinduzi ya 1917. Mhandisi huyu ana uhusiano na pwani yetu ambao wengi hawaujui. Magari ya Citroën yenye minyororo ya mpira nyuma, yaliyotengenezwa kwa ufundi wake, ndiyo yaliyotumika katika safari ya kuvuka Afrika ya mwaka 1924 hadi 1925. Msafara huo ulipofika Kampala uligawanyika, kundi moja likashika njia ya Mombasa na jingine njia ya Dar es Salaam. Lakini klachi mbili zake hazikupata bahati hiyo. Vita viliingia, fedha zikakosekana, naye akafariki mwaka 1943 pasipo kuziona sokoni. Katika miaka ya 1980 Porsche walizijaribu katika magari ya mashindano, 956 na 962, na Audi vile vile katika mashindano ya safari ndefu. Ni mwaka 2003 tu ndipo mnunuzi wa kawaida alipoweza kuzipata, katika Volkswagen Golf aina ya R32, kwa jina la DSG.

Klachi za gari lile la 2003 zilizungukia ndani ya mafuta, na mafuta huondoa joto. Mwaka 2008 Volkswagen walileta giaboksi nyingine ya gia 7 kwa magari madogo, yenye klachi kavu. Klachi kavu ni nyepesi na haimalizi nguvu kwa kukoroga mafuta, lakini joto lake halina pa kwenda isipokuwa katika vyuma na hewa iliyo karibu. Honda nao, katika Fit ya haiburidi ya mwaka 2013 na baadaye Vezel, waliunganisha mota ya umeme na giaboksi ya gia 7 yenye klachi mbili. Magari hayo yote yapo leo katika miji yetu, mengi yakiwa yametoka Japani au Uingereza baada ya kutumika huko.

Matatizo yake nayo yameandikwa waziwazi. Mwezi Machi 2013, baada ya malalamiko ya wanunuzi kutangazwa katika televisheni ya taifa ya China, Volkswagen waliyaita magari 384,181 nchini humo kwa sababu ya giaboksi hizo. Mwezi Novemba mwaka huo huo waliita mengine yapatayo milioni 1.6 duniani, yenye giaboksi ya gia 7, ili mafuta yake yabadilishwe. Ilionekana kwamba mafuta ya awali yangeweza kuleta hitilafu ya umeme, hasa katika nchi zenye joto na unyevu. Mtu wa Tanga au Mtwara na asome sentensi hiyo mara mbili. Honda waliita Fit na Vezel za haiburidi zaidi ya mara moja katika miaka ya 2013 na 2014 kurekebisha programu inayoongoza gia. Na huko Australia, mwezi Aprili 2018, mahakama iliitoza Ford faini ya dola za huko milioni 10 kwa jinsi ilivyowatendea wateja waliolalamikia magari yenye giaboksi ya klachi mbili iliyoitwa PowerShift. Faini hiyo haikuwa ya ubovu wa chuma. Ilikuwa ya kuwajibu watu vibaya.

Gari linapoitwa na kiwanda, mwenye gari wa wakati huo ndiye anayeandikiwa. Akipuuza, gari huuzwa, hupakiwa melini, na kasoro yake husafiri nalo. Kwa hiyo anayetaka kununua gari la namna hii anapaswa kuichukua namba ya chesesi na kuuliza, kwa muuzaji na kwa wakala wa kiwanda, kama matengenezo yaliyoagizwa yalifanywa. Ni kazi ya siku moja.

Kuhusu uendeshaji, makosa mengi hutokana na dereva kuiendesha giaboksi hii kama ile ya zamani yenye mafuta katikati. Katika foleni ya Dar es Salaam dereva huinua mguu kidogo kutoka breki, gari likatambaa hatua mbili, akagusa breki tena kwa wepesi, likatambaa tena. Kwa gari la klachi mbili kitendo hicho ni sawa na dereva wa gari la mkono anayekaa na mguu nusu juu ya pedali ya klachi kwa saa nzima. Hakuna mwalimu wa udereva ambaye angemwachia mwanafunzi afanye hivyo. Dawa yake ni kukanyaga breki barabara wakati wa kusimama, kwa kuwa hapo kompyuta huiachia klachi kabisa, kisha kusubiri nafasi ya kutosha iachwe mbele ndipo gari liondoke kwa uhakika. Wenye haraka watapiga honi. Waache wapige.

Mlimani kosa hubadilika sura. Dereva husimama katika mwinuko na kulizuia gari lisirudi nyuma kwa kukanyaga mafuta kidogo badala ya breki. Katika otomatiki ya zamani ni ubadhirifu wa petroli tu. Katika hii klachi husagika mpaka harufu ya kuungua ikasikika ndani ya gari, na kila harufu ya namna hiyo ni sehemu ya klachi iliyokwenda. Breki ndiyo ishike gari, siyo klachi. Aidha, gari lisimame kabisa kabla ya kutoka D kwenda R, na katika mteremko mkono wa gia usiwekwe N kwa tamaa ya kuokoa mafuta.

Mafuta ya giaboksi ndiyo yaliyommaliza mwalimu wetu, au yaliharakisha. Giaboksi yenye klachi za ndani ya mafuta, kama ile ya kwanza ya Volkswagen ya gia 6, hudai mafuta na chujio vibadilishwe kila kilomita 60,000, tena mafuta yake maalumu. Mafuta ya otomatiki nyingine hayafai, wala ya zile za mkanda wa chuma, hata kama rangi ni moja na muuza duka ameapa. Fundi asiye na kompyuta ya kuisoma giaboksi hawezi kuitengeneza. Anaweza kuibahatisha tu, na bahati hiyo inalipwa na mkopaji.

Hapa ndipo Kamati za Mikopo zinapohusika. Mkopo wa ng'ombe haupitishwi kabla bwana mifugo hajamwona mnyama. Mkopo wa nyumba hudai hati ya kiwanja. Lakini mkopo wa gari hupitishwa kwa picha iliyotumwa na muuzaji aliye ng'ambo. Si vigumu kudai maelezo ya giaboksi katika fomu ya maombi. Si vigumu pia kudai, kwa gari lililokwisha kufika nchini, cheti cha fundi mwenye kompyuta, na lijaribiwe likiwa limekwisha kupata moto, maana mtetemo wa klachi iliyochoka mara nyingi haujitokezi asubuhi gari likiwa baridi. Na iwapo mwanachama ataling'ang'ania gari la namna hii, sehemu ya akiba yake itengwe kwa matengenezo mpaka mkopo uishe. Asije mtu akadhani bima kubwa itasaidia. Bima hulipa ajali na wizi; uchakavu wa klachi si ajali.

Wapo watakaosema kwamba chama hakipaswi kumchagulia mwanachama gari. Ni kweli, fedha ni zake. Lakini sahihi ni za wadhamini, nao hawaulizwi gari lina gia gani.

Mwalimu yule hakubadilishiwa giaboksi yote. Fundi wa mjini aliisoma kwa kompyuta, akaondoa mafuta yale, akabadilisha klachi zote mbili na kuzipima upya, na gari likarudi barabarani katika mwezi wa 15 wa mkopo. Wadhamini walikuwa wamekwisha kulipa awamu nne. Bodi iliongeza muda wa marejesho, na tangu hapo mshahara wa mwalimu hukatwa mara mbili kila mwezi: fungu moja la chama, fungu jingine la mpishi na mdhamini mwenzake.