Meli ya Ngomeni: Ukiona Kitu Chini ya Bahari, Toa Habari

(Mazungumzo kwa wavuvi, wapiga mbizi na wakazi wa ufuo)



Mwaka wa 2013, habari za mvuvi wa hapa zilimfikisha Caesar Bita, mtaalamu wa mambo ya kale ya chini ya maji wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, kwenye mabaki ya meli karibu na Ras Ngomeni. Yako mita 500 hivi kutoka nchi kavu, kwenye kina cha mita 6. Humo zilipatikana shaba na pembe za ndovu.

Wataalamu wanaamini ni meli ya Wareno ya karne ya 16. Huenda ni São Jorge, iliyopotea mwaka wa 1524 katika safari ya mwisho ya Vasco da Gama, yule aliyefika Malindi mwaka wa 1498. Bado haijathibitishwa, na hapo ndipo penye neno la leo.

Kitakachothibitisha ni mbao zilizobaki, namna zilivyochongwa na kuunganishwa, na mahali kila kitu kilipolala. Kipande cha shaba kikiuzwa kama chuma chakavu, muuzaji hupata pesa za siku moja, na ushahidi huo haurudi tena. Ubao uliokaa mchangani miaka mia tano ukianikwa juani hupasuka na kujikunja. Nanga ikitupwa juu ya mabaki huvunja kwa dakika moja kilichohifadhiwa na mchanga kwa karne nyingi.

Mfano mwema uko Mombasa. Santo António de Tanná ilizama mbele ya Fort Jesus mwaka wa 1697, ilipokuja kuokoa ngome iliyozingirwa na Waomani. Kati ya 1977 na 1980 wapiga mbizi waliichimba kwa utaratibu, wakipima na kuchora kabla ya kuinua chochote. Leo vitu vyake vimo katika makumbusho ya Fort Jesus, na mtoto wa shule anaweza kuviona.

Wanaopenda kupeleka wageni kuona meli chini ya maji nao wana mahali pao. MV Dania, iliyokuwa ikisafirisha mifugo, ilizamishwa makusudi karibu na Mombasa mwaka wa 2002 ili iwe makao ya samaki na kivutio cha wapiga mbizi. Meli kama hiyo inafaa kwa matembezi. Ya kale huachiwa wataalamu.

Basi mvuvi au mpiga mbizi afanye nini? Akiona mbao zilizopangika, mizinga, nanga ya zamani au rundo la vyungu, asiguse. Aweke alama ya mahali kwa simu au kwa vielekezo vya nchi kavu, kisha atoe habari. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inamtaka aliyegundua kitu cha kale aarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7. Asiyejua pa kuanzia apitie kwa BMU yake au kwa chifu. Kuchimba bila leseni ni kosa.

Je, kitu kikinaswa na wavu? Kisisuguliwe wala kisianikwe. Kitiwe ndani ya ndoo ya maji ya bahari na kikabidhiwe kwa Makavazi kikiwa bado kimelowa.

Bahari hii wanaoijua zaidi ni wavuvi, kwa maana wao ndio wanaojua wavu hukwama wapi na kwa nini. Meli ya Ngomeni ilijulikana kwa sababu mmoja wao alisema. Ikiwa iko nyingine, nayo itajulikana vivyo hivyo.