Mteja Ana Mahali Pake na Saa Yake
(Mazungumzo ya wanachama wapishi katika sherehe ya miaka 10 ya kikundi, Tosamaganga)



Tumepewa nafasi ya kusema kwa niaba ya wanachama tunaopika na kuoka vitafunwa nyumbani. Wenzetu wa kuku na wa bustani watasema ya kwao. Katibu ametuomba tueleze habari ya kutafuta wateja wapya, tena ametuonya tusipitishe dakika kumi. Basi tuingie kwenye jambo lenyewe.

Hali halisi ni hii. Kwa miaka 10 sanduku letu limekopesha mtaji wa unga, wa mafuta, wa sukari na wa majiko. Hilo ni jema sana. Lakini biashara iliyo rahisi kuanza, kila mtu huianza. Ukipita asubuhi njia ya kwenda hospitali unakuta mabeseni ya maandazi yamepangana, yamefunikwa vitambaa safi, na wenye mabeseni karibu wote ni sisi kwa sisi. Mnunuzi ni yule yule. Akinunua kwa mama wa kwanza, mama wa tatu anarudi na beseni lake nyumbani, watoto wanakula faida, na siku ya kikao anakosa rejesho. Rejesho likikosekana haliwi lake peke yake, maana fedha ile ni hisa zetu wote, na ndizo tunazosubiri kugawana mwisho wa mzunguko. Kwa hiyo hata wewe usiyejua kukanda unga, mteja mpya wa mpishi anakuhusu.

Wako wanaosema dawa ni kupunguza bei. Jamani, andazi la shilingi 100 utalipunguza hadi ngapi? Chini yake kuna sarafu ya 50 tu! Kilo moja ya unga hutoa maandazi 25 hivi. Ukitoa unga, sukari, mafuta, hamira na mkaa, kinachobaki ni chembamba kama uzi. Tena bei ya unga hatuipangi sisi. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa nchini huagizwa kutoka nje, na vita vya Urusi na Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022 bei ya ngano ilipanda duniani kote, nasi huku Iringa tukaisikia mfukoni. Anayeshindana kwa bei ndogo huwa wa kwanza kufunga jiko.

Tulichokiona sisi katika kazi ni kwamba mteja mpya hatafutwi kwa bei. Hutafutwa kwa kujua watu wana njaa mahali gani, saa ngapi, na wanataka nini saa hiyo. Hebu tuchukue hospitali yetu. Pale wanakuja wagonjwa kutoka mbali, hadi Idodi na Pawaga kule bondeni, na kila mgonjwa ana ndugu anayemuuguza. Huyu ndugu asubuhi anahangaika na uji wa mgonjwa, mwenyewe hajala. Mchana anafua. Jioni ndipo anapokumbuka tumbo lake, na saa hiyo mabeseni yote ya maandazi yameshaondoka! Halafu andazi la asubuhi likifika usiku limekuwa gumu. Yeye anataka kitu cha kukaa mpaka kesho, asilazimike kumwacha mgonjwa kwenda kutafuta chakula. Anataka mkate mdogo, au skonzi nne zilizofungwa pamoja.

Mmoja wetu aliliona hilo akaacha maandazi kabisa. Anaoka mikate midogo kwa sufuria ya mchanga, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, naye hufika saa kumi jioni. Wale wa zamu ya usiku nao wameanza kumwagiza. Hakumnyang'anya mwanachama yeyote mteja, kwa sababu saa hiyo hapakuwa na muuzaji. Huyo ndiye tunayemwita mteja mpya kweli kweli. Mteja uliyemhamisha kutoka beseni la jirani yako si mpya, kikundi hakijaongeza hata senti.

Hapo hapo hospitalini huwa tunaulizwa mkate wa mgonjwa wa kisukari, eti tuoke bila sukari. Tunasema ukweli. Hata usipotia sukari, unga mweupe wenyewe hugeuka sukari mwilini, kwa hiyo akawaulize wauguzi kwanza. Mauzo ya siku hiyo yanakwenda, lakini watu wale wanarudi kwetu kwa mambo mengine.

Shule nazo ni soko, ila soko lenye likizo. Mwezi Juni na Desemba wanafunzi wa bweni wakiondoka, aliyetegemea shule tu anabaki anatazama jiko. Na usiende na ndoo getini kuvizia watoto. Nenda kwa mkuu wa shule, omba ruhusa, mwonyeshe cheti cha kupimwa afya na ndoo yenye mfuniko.

Sasa keki za sherehe. Wasichana wetu wanazipenda, na tunawapongeza kwa ufundi wao wa kupamba. Lakini tusidanganyane. Kwaresima ikiingia, harusi kwetu Wakatoliki zinasimama. Zinarudi baada ya Pasaka na kushamiri watu wakishavuna. Kipaimara na komunyo ya kwanza ni siku chache tu kwa mwaka. Na mwenye sherehe ni mtu mgumu kulipa. Keki imeliwa, picha zimepigwa, deni bado linatembea! Kwetu sasa ni nusu ya fedha kabla ya kufungua mfuko wa unga, na nusu nyingine kabla keki haijatoka mlangoni, hata kama mteja ni shemeji. Keki ni nyongeza nzuri, lakini mkate wa kila siku ndio unaolipa rejesho.

Kule Kalenga, kwenye makumbusho lilipo fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa mwaka 1954, wageni wa mmoja mmoja hawatabiriki. Faida iko kwa wanafunzi wanaoletwa kwa basi, kwa kuwa mwalimu huweza kupiga simu siku mbili kabla na kusema watoto ni wangapi.

Tena lipo jambo kubwa ambalo wengi hatujaligusa. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 imeweka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na wenye ulemavu. Vikao vya serikali vinakunywa chai kama sisi! Lakini lazima kikundi kisajiliwe katika mfumo wa NeST, na njia ya kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii. Oda ya vitafunwa 200 mpishi mmoja haiwezi. Wapishi watano wakikubaliana kipimo kimoja cha andazi wanaiweza.

Mama Mwenyekiti, ombi letu ni hili. Mwanachama akiomba mkopo wa kupika, fomu imuulize utamuuzia nani, wapi, na saa ngapi. Ikionekana mahali na saa hiyo pana mwanachama tayari, kamati izungumze naye kabla ya kutoa fedha. Tunajua baadhi ya mama zetu wanapinga, wanasema riziki ya mtu haipangiwi na kikao. Wana haki ya kusema, na tunaomba jambo hili lijadiliwe wazi katika kikao kijacho, si barabarani.

Wageni wetu, vitafunwa mtakavyoletewa sasa hivi vimeokwa na wanachama sita, na kila sinia lina karatasi yenye jina la mpishi. Mkate wa jioni ni ule wa sinia la mwisho. Daftari la oda liko mezani kwa Mweka Hazina, pamoja na kalamu.