Mwanamke Anayeongoza Kazi ya Ngozi: Kutoka Meza ya Saluni hadi Dhamana ya Afya

Mada kwa semina ya wamama wenye saluni na nyumba za utunzaji wa ngozi, komini ya Shituru, Likasi

Utangulizi



Kila mmoja wetu anamjua mteja huyu. Anaingia Jumamosi, harusi ya mdogo wake imebaki wiki mbili. Anafungua mkoba, anatoa kopo lisilo na karatasi, anasema: "Mama, nipake hii, nataka siku ile ning'ae." Pesa iko mkononi. Kodi ya nyumba inadaiwa. Na pembeni, binti anayejifunza kazi kwako amesimama, anakutazama aone utafanya nini.

Dakika hiyo ndiyo mada yangu. Nimeombwa kusema juu ya mwanamke na uongozi katika kazi ya ngozi, na huenda mlitegemea nianze na mtaji na mashine. Hayo nitayafikia. Lakini kwa maoni yangu mwanamke anaanza kuongoza kazi hii siku anapoweza kumwambia mteja mwenye pesa: "Hiyo siipaki. Kaa, nikueleze." Kila ngazi anayopanda baadaye inasimama juu ya neno hilo.

Ngozi ya mji wa shaba

Mji wetu wa Likasi, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, umelelewa na shaba. Kiwanda cha Shituru, kilichoanza kazi mwaka 1929, kinayeyusha madini kwa asidi ya salfuriki, kisha kinaivuta shaba safi kwa umeme. Watu wamekula na kusoma kwa kazi hiyo. Lakini asidi haichagui mkono inaouangukia. Tuko pia kwenye uwanda wa juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na jua la hapa lina makali hata siku za baridi ya Juni na Julai, wakati hewa inakauka na vumbi jekundu linaingia kila mahali.

Kwa hiyo mtu anayeketi kwenye kiti chako ana ngozi yenye habari zake. Kuna baba mwenye kovu la kuungua lililovimba na kuwasha. Kuna kijana mwenye vipele vya kunyoa ndevu. Kuna mtoto mwenye ualbino ambaye mashavu yamechomwa na jua. Kuna mama ambaye uso umeingia weusi mahali alipotaka weupe. Mwenye saluni anayeona wateja tu atawauzia wote krimu moja. Anayeongoza atajua ni nani wa kumhudumia, nani wa kumpeleka kwa muuguzi, na nani wa kumkimbiza hospitali siku hiyo hiyo. Asidi ikimmwagikia mtu, kwa mfano, vueni nguo zilizolowa na kumwosha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha hospitali. Msipake mafuta wala dawa ya meno.

Kopo lisilo na karatasi

Turudi kwa mteja wetu na kopo lake. Wenzetu wa Tanzania wana jina zuri la mchanganyiko huo: mkorogo. Mara nyingi ndani yake mna kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu, na kila mmoja wetu anapaswa kuvijua kama anavyojua majina ya watoto wake.

Cha kwanza ni haidrokwinoni. Hiyo inazuia ngozi kutengeneza melanini, ile rangi inayotukinga na jua. Miezi ya mwanzo mteja anafurahi. Ikitumiwa muda mrefu, hasa juani, inaweza kuleta weusi wa kibuluu kwenye mashavu na kuzunguka macho, ambao ni mgumu sana kuondoka. Madaktari wa Afrika Kusini waliandika juu ya madhara hayo mwaka 1975, na mwaka 1990 nchi yao ikapiga marufuku vipodozi vyenye haidrokwinoni.

Cha pili ni steroidi kali kama klobetasoli. Hii ni dawa halali ya magonjwa fulani, kwa mkono wa daktari na kwa muda mfupi. Ikipakwa mwili mzima kila siku, ngozi inakonda kama karatasi, inachanika mistari, kidonda kinakawia kupona. Mama aliyezaa kwa upasuaji anaweza kupata shida mshono wake kushika. Wala mteja asiambiwe aiache ghafla bila msaada, maana uso unaweza kulipuka kwa vipele na kuungua, na mwili uliozoea steroidi nyingi unaweza kudhoofika kabisa. Mpeleke kwa daktari.

Cha tatu ni zebaki. Inaingia kupitia ngozi, inaumiza figo na mishipa ya fahamu, na hata mtoto anayelala karibu na mama aliyejipaka anaweza kuipata. Chini ya mkataba wa kimataifa wa zebaki, ule wa Minamata, vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni vilipaswa kuondoka sokoni kufikia mwaka 2020. Baadaye nchi wanachama zikakaza zaidi: mwisho wa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ukawekwa mwaka 2025. Lakini mkataba hauji kusimama sokoni kusoma makopo. Kazi hiyo inabaki mikononi mwetu.

Wanawake waliotangulia

Mwanamke akishasema hapana, mteja atamwuliza: sasa unipe nini? Nataka tuwatazame wanawake watatu waliojibu swali hilo, kila mmoja kwa njia yake.

Wa kwanza ni mfamasia Mhispania Mafalda Soto Valdés. Alianza kuwahudumia watu wenye ualbino Malawi, kisha akaenda Moshi, Tanzania, ambako Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichoanza mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC kinafundisha wahudumu wa afya kutoka nchi nyingi za Afrika. Aliona kwamba krimu za jua za msaada haziwezi kutegemewa: leo zipo, kesho hazipo, na jua halisubiri. Mwaka 2012 pakaanza kazi ya kutengeneza krimu palepale Moshi, ikaitwa KiliSun. Watanzania wakafundishwa kuitengeneza, na krimu ikapelekwa vijijini pamoja na uchunguzi wa ngozi na mafunzo ya kofia, nguo ndefu na kivuli. Kwa nchi ambamo inakadiriwa mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino, hiyo ni kazi ya kuokoa watu na saratani ya ngozi. Somo langu hapo ni hili: hakuuza uzuri. Alitafuta ngozi iliyosahauliwa kuliko zote, akaanzia hapo.

Wa pili ni Shekha Nasser wa Dar es Salaam. Alianza na biashara ya urembo ya Shear Illusions, akaingia kwenye vipodozi vyake mwenyewe, LuvTouch Manjano, vilivyolenga rangi za ngozi za wanawake wa Kiafrika. Kisha kupitia Manjano Foundation wanawake wakafundishwa kupamba na kuendesha biashara. Ngazi yake ya juu ni wanawake wengine waliojifunza kusimama.

Wa tatu ni Suzie Wokabi wa Kenya. Alikuwa mpambaji aliyefanya kazi Marekani, akarudi nyumbani, akaanzisha SuzieBeauty ili Wakenya wapate vipodozi halisi kwa bei wanayoiweza. Mwaka 2016 kampuni ya Flame Tree ikainunua, naye akabaki ndani akiongoza upande wa ubunifu. Wako watakaosema amepoteza. Mimi naona alielewa jambo gumu: kuna wakati kazi inakua kuliko mifuko ya mwanzilishi, na kiongozi anaitafutia mabega mengine.

Mashine na mipaka yake

Sasa nifike kwenye mashine. Wengi wenu mnatamani kuipandisha saluni iwe spa ya tiba, yenye leza, sindano na dawa za kuchubua uso. Ni tamaa njema. Lakini leza inatafuta rangi, na kwenye ngozi nyeusi melanini inaweza kuumeza mwanga wake hadi ngozi ikaungua. Kwa ngozi zetu, mashine ya mawimbi marefu, ile ya Nd:YAG ya nanomita 1064, ni salama zaidi, tena mikononi mwa mtu aliyefundishwa. Kovu lililovimba linaweza kuchomwa sindano ya steroidi ndani yake. Sindano hiyo ni ya daktari, si ya mpambaji. Mwanamke anayeongoza hajui kila kitu. Ameweka watu wanaojua karibu naye, na amekubali kwamba kuna chumba katika nyumba yake mwenyewe ambamo neno la mwisho ni la mwingine.

Mapendekezo

Kwa hiyo naomba tutoke hapa na makubaliano haya:

1. Kila saluni iwe na daftari la wateja: amepaka nini, tangu lini, amepata shida gani. Daktari akilisoma, ataokoa wiki za kubahatisha.

2. Bidhaa isiyo na karatasi ya viambato isiingie ndani. Tukatae pamoja, maana saluni moja ikikataa peke yake mteja atavuka barabara.

3. Wenye saluni wachache washirikiane na muuguzi mmoja, aje siku maalumu ya mwezi kuangalia ngozi za wateja.

4. Tarehe 13 Juni, Siku ya Kimataifa ya Uelewa juu ya Ualbino, kila saluni impokee bure mtu mmoja mwenye ualbino, imfundishe kujikinga na kumpatia kofia yenye ukingo mpana.

5. Anayejifunza kazi aanze kwa kusoma karatasi za makopo, kabla ya kushika brashi.

Hitimisho

Nilianza na binti aliyesimama pembeni. Miaka mitano kutoka leo atakuwa na saluni yake, pengine komini ya Kikula, pengine ya Panda. Somo lolote utakalompa kuhusu krimu na mikono atalisahau nusu. Lakini dakika ile uliyolitazama kopo, ukalifunga, ukalirudisha mkobani mwa mteja kwa heshima na kusema "kaa, nikueleze", hiyo hataisahau. Siku mteja kama yule atakapoingia kwake, na kodi ikiwa inadaiwa vilevile, atakukumbuka.